Alizeti Zisizoliwa

Kwa misimu miwili Mongia aliotesha alizeti nzuri kuliko zote za Ain Tuila, na kwa misimu miwili hakumpa mtu hata punje moja.

Jambo hilo halikusameheka. Bustani za Ain Tuila zimebanana chini ya mitende, ukuta wa udongo wa huyu ndio ukuta wa yule, na maji ya chemchemi hupita kwa mfereji mmoja kutoka bustani hadi bustani, kila mtu na zamu yake. Mwenye komamanga la kwanza humpelekea jirani kabla hajaonja yeye. Ikifika alasiri wanawake hutandika mikeka milangoni, wakaweka katikati bakuli la mbegu za alizeti zilizokaangwa kwa chumvi, wakawa wanapasua kwa meno ya mbele na kutema maganda hadi adhana ya magharibi. Ndoa, talaka na magonjwa ya kijiji kizima hupita katikati ya maganda hayo. Mongia naye alikuwa na mahali pake kwenye mkeka wa Hedia, upande wa ukutani, tangu alipoletwa hapo bibi harusi miaka thelathini na minane iliyopita.

Sasa hakuwa napo. Hakuna aliyemfukuza. Walimkaribisha tu kwa ile namna ambayo mtu akikaribishwa hivyo, hakai.

Kila mwisho wa Agosti gari jeupe lilikuja kutoka mjini Gabes. Akashuka msichana mwembamba mwenye miwani, wakaingia bustanini yeye na Mongia, wakazing'oa alizeti zote na mizizi yake, wakazikausha kwenye turubai, wakazishindilia kwenye magunia na kuyafunga kwa waya. Gari likaondoka. Haikubaki hata bua moja la kumtupia mbuzi.

"Anauza mjini," walisema mlangoni kwa Hedia.

"Zote? Hata kiganja kimoja cha jirani hakibaki?"

"Jua la Mungu huwaka bure," alisema Hedia, akatema ganda. "Linalochanua kwa Mongia lina bei."

Mongia alikuwa nyuma ya ukuta akirekebisha mfereji, akasikia. Ukuta ule haukuwahi kuzuia neno.

*

Mumewe, Lazhar, hakuwa mkulima. Alikuwa akizunguka na gari lake bovu hadi Medenin na kurudi, akinunua betri za magari zilizokufa. Nyuma ya bustani, pale ambapo mitende inakwisha, alizipasua kwa shoka, akamwaga tindikali ardhini, akaitoa risasi, yale madini mazito yaliyomo ndani, na kuiyeyusha kwenye chungu cha chuma juu ya moto wa vigogo vya mtende. Risasi iliyoganda akaiuza. Alifanya hivyo miaka kumi na sita. Majirani walipouliza juu ya moshi mzito uliokuwa ukilala juu ya bustani asubuhi, Mongia alijibu kwamba Lazhar anachoma makuti. Ndivyo Lazhar alivyomwambia ajibu, naye hakuona ubaya. Kazi hiyo ilijenga ghorofa ya juu, ikamsomesha mtoto wao Walid, ikanunua pampu ya maji ya msikiti. Kila Ijumaa wanaume walipokuwa wakitawadha kwenye mabomba yale walisema, "Mungu amrehemu Lazhar," tangu alipokufa. Figo zake zilikufa kwanza, kisha yeye akazifuata.

Walid anaishi Sfax. Binti yake, Sirine, alikuwa akiletwa kwa bibi yake kila kiangazi. Alilala naye, akacheza kwenye mchanga chini ya mitende, akaokota tende zilizoanguka na kuzila bila kuzikung'uta. Alipofika miaka sita alianza kusahau herufi alizokuwa akizijua. Tumbo likawa linamuuma. Daktari wa Sfax akampima damu, akakuta ina risasi, kisha akauliza mtoto huyu huchezea wapi.

"Mama, Sirine haji tena huko," alisema Walid kwenye simu.

"Mpaka lini?"

"Udongo ule hausafishiki, mama." Kisha akaongeza, "Na usimwambie mtu. Baba ameshalala. Mwache alale."

Mongia akaahidi. Alikuwa ametoka kupoteza mtoto wa kumlaza ubavuni kiangazi chote, na Walid ndiye pekee aliyebaki wa kupiga simu. Angeahidi lolote.

Lakini neno lile, hausafishiki, lilimkaa kama mwiba wa samaki kooni. Asubuhi moja alijaza udongo kwenye kopo la kahawa, akapanda basi hadi chuo cha kilimo cha Gabes, akakaa kwenye benchi la ukumbi kopo likiwa mapajani. Walimpita watu wengi wenye makoti meupe. Karani alidhani kaleta kahawa ya kuuza. Mwishowe alisimama mbele yake msichana mwembamba, akavua miwani, akaivaa tena.

"Mama, unamsubiri nani?"

"Anayejua udongo."

"Basi ni mimi," alisema msichana, akaona haya kwa kusema hivyo. Jina lake lilikuwa Emna.

Majibu yalichukua mwezi. Emna aliyaleta mwenyewe, wakakaa jikoni, akaeleza polepole. Kuna mimea inayonyonya risasi kama inavyonyonya maji, na alizeti ni mmojawapo. Lakini risasi hung'ang'ania udongo, haitoki kirahisi. Kwa hiyo aliomba aoneshwe mahali pabaya kuliko pote, pale nyuma palipokuwa peupe, pasipoota hata magugu, akachota udongo kwenye chupa ndogo.

"Hapa hakuna kitu hai," alisema Mongia.

"Wapo, mama. Vijidudu. Wengine wote wamekufa, hawa wamezoea. Waliobaki hai mahali kama hapa ndio mafundi."

Akawapeleka maabara, akawalisha, wakazaana. Tangu hapo kila baada ya wiki tatu Mongia alikwenda Gabes na kurudi na dumu la maji ya kijivu yenye harufu ya jibini lililolala, akayamwaga kwenye mashina ya alizeti, polepole, kikombe kwa kila shina. Vijidudu huilegeza risasi kutoka kwenye udongo, alisema Emna, na kuisaidia mizizi ivumilie. Mizizi hunyonya. Mmea unang'olewa na risasi yake ndani, unapelekwa kwenye tanuri maalumu. Mwaka unaofuata unaanza upya.

"Na mbegu zake?"

"Kwenye mbegu hufika kidogo kuliko kwenye mizizi na majani. Lakini kidogo cha sumu hakiitwi chakula, mama. Usile, usigawe, usimpe mbuzi, usichome."

"Itachukua miaka mingapi?"

Emna akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati ingawa haikuwa na vumbi. "Kumi na miwili. Huenda ikazidi."

Mongia alikuwa na miaka sitini na moja. Alipiga hesabu kichwani, lakini haikuwa ya umri wake. Sirine atakuwa na miaka kumi na minane.

"Maji ya mfereji huu yakitoka kwako yanakwenda wapi?" aliuliza Emna siku ile alipokuwa akiondoka.

"Kwa jirani."

"Anajua?"

Mongia akainama kuokota kitu ambacho hakikuwepo.

Jioni alipokuwa akimwaga maji ya dumu alizoea kusema, "Haya, kuleni." Alijua ni upuuzi kusema na viumbe wasio na masikio. Lakini Walid mwenye masikio mawili alipiga simu siku za Ijumaa tu, na wale walikuwapo kila siku.

*

Msimu wa tatu, Jumanne moja ya Agosti, vichwa vya alizeti vikiwa vimeinama kwa uzito, Hedia aliita kutoka ukutani kama zamani.

"Mongia! U hai wewe?"

"Nipo, nipo! Karibu, shoga yangu, pitia mlangoni."

"Sipiti. Nimeacha sufuria motoni." Uso wake ulitokeza juu ya ukuta, umefungwa kitambaa chekundu, na ulikuwa uking'aa. "Naziha wangu kajaliwa mimba. Mwezi wa tano huu. Tulificha mpaka tuhakikishe."

"Miaka saba, Hedia!"

"Miaka saba na mama mkwe mwenye ulimi kama wembe. Sasa na aumeze. Mtoto wangu kaja kwangu apumzike." Hedia akashusha sauti. "Sasa sikiliza. Juzi kapanda darini kuanua nguo, kaziona alizeti zako. Tangu siku hiyo hali, halali. Mbegu, mbegu, mbegu. Nimemnunulia za dukani, kazitema. Anasema sizo. Anataka zile alizoziona kwa macho yake."

Mongia akageuka kuzitazama alizeti.

Huko kwao hamu ya mjamzito hainyimwi. Hata mpita njia asiyemjua akimwona mjamzito anautazama mkate wake, humega akampa. Akinyimwa, mtoto huzaliwa na doa mwilini lenye sura ya kile alichonyimwa mama yake. Hedia mwenyewe alikuwa na doa shingoni, la rangi ya tini. Mongia alipokuwa na mimba ya Walid alitamani komamanga katikati ya Machi, wakati hakuna komamanga duniani. Hedia alikuwa amebakisha moja, limekauka ganda, amelining'iniza kwa uzi ghalani kwa ajili ya sikukuu. Akaukata uzi bila kuulizwa mara mbili.

"Siwezi, Hedia."

"Huwezi nini?"

"Kukupa. Si zangu. Ni za wale wa chuo."

Hedia akacheka. "Kichwa kimoja tu! Nani atahesabu?"

"Wanahesabu."

"Basi waambie kaliwa na ndege. Ndege mkubwa, ana mimba ya miezi mitano."

Mongia hakucheka, na kicheko cha Hedia kikakatika.

"Mongia. Nakuomba kwa ajili ya kilicho tumboni. Unasikia ninavyokuomba?"

"Nitamnunulia za Sfax, zile nene, za—"

"Za dukani ninazo!" Hedia akaushika ukuta kwa mikono miwili. "Haya. Mjukuu wangu akizaliwa na doa usoni, kila atakayeniuliza nitamtajia jina lake. Nitamwambia, hili linaitwa Mongia."

Uso ukashuka, ukapotea.

Angeweza kumwambia. Maneno yalikuwa tayari, hayakuzidi matano. Lakini kumwambia Hedia ni kumfukua Lazhar, na Walid angejua kabla ya Ijumaa. Akajipa moyo kwa hoja moja: amekataa, kwa hiyo hakuna atakayekula. Mtoto wa Naziha yuko salama na jina la Lazhar liko salama. Kilichopotea ni Hedia tu. Alilifikiri hilo neno, tu, akakaa chini ya mtende mpaka jua likahama.

*

Alhamisi alikwenda Gabes kuchukua dumu. Aliporudi alasiri aliona kutoka mlangoni kwamba safu ya karibu na ukuta ina pengo. Vichwa vitatu vimekatwa kwa kisu, vizuri, na mtu asiye na haraka.

Kisha ikamjia harufu kutoka upande wa pili. Chumvi na mbegu juu ya moto.

Aliliacha dumu likaanguka. Alikimbia kuzunguka ukuta, ndala moja ikabaki njiani, akaingia uani kwa Hedia bila hodi. Walikuwa wanawake watano kwenye mkeka, na Naziha ameegemea mto, bakuli limekaa juu ya tumbo lake kama juu ya meza.

"Naziha, tema! Usimeze!"

Wakaangua kicheko.

"Kaja kudai chake!" alisema mmoja.

"Mpeni maganda shangazi yenu, asiondoke mikono mitupu!"

"Umekula ngapi?" Mongia alimpigia Naziha magoti. "Mwanangu, niambie, ngapi?"

"Hesabu mwenyewe, shangazi," alisema Naziha, akiashiria maganda kwa kidevu. "Si huwa mnahesabu?"

Wakacheka zaidi. Maganda hayakuwa mengi. Sufuria ya pili ndiyo kwanza ilikuwa motoni. Mongia akasema, na alipoanza hakutua.

"Udongo wangu una sumu. Una risasi. Lazhar alikuwa akipasua betri kule nyuma, akiiyeyusha. Mnaukumbuka ule moshi. Niliwaambia ni makuti. Hayakuwa makuti. Hizi alizeti nimezipanda zinyonye sumu, ndiyo kazi yake, ndiyo maana zinafungwa kwenye magunia. Siuzi. Sijawahi kuuza. Sirine wangu haji kwa sababu hiyo, ana risasi kwenye damu. Naziha, nakusihi."

Aliyeongea wa kwanza alikuwa Naziha.

"Unamsingizia maiti? Kwa ajili ya kiganja cha mbegu?"

"Astaghfirullah," alisema mwanamke mwingine. "Mume aliyekuvisha dhahabu."

Hedia alikuwa bado amechuchumaa mbele ya jiko na mwiko mkononi, na mbegu zilianza kuungua. Akaitoa sufuria motoni.

"Mbuzi wangu," alisema. "Wale wawili. Walikuwa wanazunguka, wanazunguka, kisha wakaanguka. Ulikuja kunipa pole. Ulileta bakuli la kuskusi."

"Wakati ule sikujua, Hedia. Wallahi sikujua."

"Umejua lini?"

"Mwaka juzi."

"Mwaka juzi." Hedia akaitazama kona ya bustani yake, pale mfereji unapoingia. "Na maji yako yanakuja kwangu."

"Ndiyo."

"Namwagilia nayo kotimiri. Namwagilia nayo pilipili."

"Ndiyo."

Hedia akasimama. Akalichukua bakuli juu ya tumbo la binti yake, taratibu, kama mtu anayemchukua mtoto aliyelala. Akamimina mbegu kwenye mfuko wa plastiki, za bakuli na za sufuria, akakusanya na maganda, akaufunga mfuko mafundo mawili.

"Inuka, kasukutue," alimwambia Naziha. Kisha akamgeukia Mongia na kumpa ule mfuko. "Toka."

*

Naziha alipimwa damu. Daktari alisema mbegu chache zile hazikufanya kitu, ila damu yenyewe ilikuwa na risasi kidogo, ya tangu zamani, si ya kutisha. Aende akapimwe kila mwezi, na asikae Ain Tuila mpaka ajifungue. Akarudi kwa mama mkwe wake Medenin. Hedia akabaki peke yake katika nyumba yake, kama Mongia alivyokuwa peke yake katika yake, ukuta katikati.

Walid hakusubiri Ijumaa.

"Umemfukua baba."

"Nimemfukua."

Kisha simu ikakatika, na Ijumaa nne zikapita bila simu.

Msikitini waliendelea kutawadha kwenye mabomba yale, maji ni maji, lakini hakuna aliyesema tena Mungu amrehemu. Mongia aliijua saa ya kutawadha, alikuwa akisimama jikoni na kusikiliza. Kwa hiyo akawa anasema yeye. Alimpenda Lazhar. Hilo ndilo ambalo hakuna aliyemuuliza, si kabla wala baada.

Emna alikuja na kupima bustani ya Hedia. Ukanda unaopakana na mfereji ulikuwa umeingia sumu, upana wa hatua sita hivi. Kwingine kulikuwa kusafi. Hedia alimsikiliza kwa makini, akamnywesha chai, akampa mayai ya kupeleka kwao. Alimuuliza maswali mengi kuhusu udongo. Kuhusu aliyekaa upande wa pili hakumuuliza hata moja. Mfereji wa zamani ukafukiwa, wakachimba mwingine unaozunguka kwa nje, na Mongia akapangiwa zamu ya mwisho kabisa ili maji yake yasimfikie mtu. Akaona ni haki.

Mtoto alizaliwa wakati wa baridi, wa kike, mzima. Mongia alizipata habari hizo dukani, zikisemwa na mtu aliyempa mgongo. Alinunua sukari aliyoijia, akarudi nyumbani, na usiku akaswali rakaa mbili zaidi.

Machi ikaingia. Alikuwa amepiga magoti kwenye safu ya kwanza, anatoboa matundu kwa kidole, aliposikia upande wa pili jembe linasimama.

"Wewe!"

Hakujua kama anaitwa yeye. Alingoja.

"Wewe huko! Mbegu ya alizeti unaizika kina gani?"

"Vidole viwili," alisema Mongia.

"Yule msichana kaniambia kimoja."

"Kimoja ni cha kwenye kitabu. Hapa weka viwili, la sivyo ndege watazifukua zote."

Jembe likaendelea, likasimama tena.

"Nauliza mbegu tu. Usidhani kuna lingine."

"Sikudhani."

"Na kutoka shina hadi shina?"

"Hatua moja."

"Yangu au yako? Wewe una miguu ya korongo."

Mongia akaziba mdomo kwa mkono wenye udongo. Akangoja mpaka akawa na hakika na sauti yake.

"Yako," alisema.

Akabaki pale pale, magotini, akisikiliza. Hedia alikuwa anapima hatua, anahesabu kwa sauti ya chini, moja, mbili, tatu, akielekea mwisho wa ukanda wake, kisha hakusikika tena. Hakuulizwa kitu kingine siku ile. Mongia akatoboa tundu lililofuata, vidole viwili, akatia mbegu.